Mkaratusi wa Uongo

Asubuhi ile watu wawili walikuwa wanamsubiri Mapimo awape jibu, na yeye hakuwa na jibu la yeyote kati yao.

Wa kwanza alikuwa mkuu wa maabara. Alitaka kujua kama bomba la mashine ya kupimia ukubwa wa molekuli limekufa au lingali zima, na alilitaka jibu hilo kabla ya chakula cha mchana. Wa pili alikuwa shangazi yake, dada wa baba. Yeye alitaka kujua kama mwenye duka la vioo aliyeleta posa aambiwe ndiyo au aambiwe hapana, na alikwisha sema kwamba atampitia kazini baada ya chakula cha mchana, waende nyumbani pamoja, maana mgeni atakuja na watu wake na haipendezi bibi arusi kufika nyuma ya wageni.

"Bibi arusi gani, Shangazi?" Mapimo alimwuliza kwenye simu. "Mimi sijasema kitu."

"Ndiyo maana nakuja kukuchukua. Ukasemee nyumbani."

Mapimo lilikuwa jina la utani alilopewa kazini, na baba yake alipolisikia akalishika moja kwa moja. Lilimkaa. Msichana huyu alipima kila kitu, chumvi kwenye mchuzi, urefu wa pazia, hata ukimya wa mtu baada ya swali. Hakuwahi kusema ndiyo kabla ya kuwa na uhakika. Lakini mwaka ule alikuwepo mtu mmoja aliyemshinda kumpima, na kwa bahati mbaya mtu huyo hakuwa mwenye vioo.

Alikuwa mtu wa gundi.

Mtu wa gundi alifanya kazi kwenye kiwanda cha plaiwudi, na gundi yake aliitengeneza kwa lignini. Lignini ni kile kitu kilichomo ndani ya mti, kinachoshikamanisha nyuzi zake hata mti ukasimama wima badala ya kulala chini kama majani yaliyolowa. Viwanda vya karatasi huuchemsha mti, huitoa lignini na kuiacha kwenye maji meusi yasiyotazamwa na mtu. Yeye aliitoa humo, akaikausha ikawa unga wa kahawia, akaupa unga ule kazi yake ya zamani ya kushika mbao. Sasa, gundi ya namna hiyo hutegemea ukubwa wa molekuli. Zikiwa kubwa mno hazipenyi kwenye mbao, zikiwa ndogo mno hazishiki. Ndiyo maana kila Jumatano alikuja maabara na chupa ndogo ya unga mkononi, akamkabidhi Mapimo, akakaa kwenye kigoda kando ya mashine kungoja.

Siku ya kwanza kabisa alikuwa ameuliza bomba lile linafanyaje kazi. Mapimo alimweleza kwamba ndani yake mna chembe zenye vitundu vidogo vidogo. Molekuli kubwa haziingii kwenye vitundu, basi hupita moja kwa moja na kutoka mwanzo. Ndogo huingia kila kitundu, hutoka, huingia kingine, kama mtu anayesimama kila mlango kusalimia, na hufika mwisho.

"Kwa hiyo wakubwa ndio wanaowahi?"

"Ndiyo."

"Basi mimi nitakuwa mdogo kweli kweli," alisema mtu wa gundi, maana siku hiyo alikuwa amechelewa vibaya sana. Mapimo alicheka mpaka akamwaga kimiminika mezani.

Akamweleza pia kwa nini anatia chumvi kidogo kwenye kimiminika. Molekuli za lignini zina tabia ya kukumbatiana, na ukizipima zimekumbatiana utadhani ni jitu moja kubwa. Chumvi huziachanisha.

"Unaziachanisha bila huruma?"

"Nikiziacha zitanipa kipimo cha uongo."

Mtu wa gundi alimtazama. Haukuwa mtazamo mrefu, lakini Mapimo alirudi nao nyumbani, akalala nao, akaamka nao. Kuanzia siku ile Jumatano haikuwa tena siku ya katikati ya wiki. Alipiga pasi koti lake la kazi usiku wa Jumanne. Wakati wa chakula cha jioni alimsimulia baba yake habari za lignini, ya msonobari inavyokuwa, ya mkaratusi inavyokuwa, akidhani anazungumza habari za kazi.

Na mtu wa gundi je? Alikuja, akakaa, akachekesha, akasikiliza, akaondoka. Neno la kumfanya mwanamke akose usingizi hakulisema. Maneno yake yote yalikuwa ya unga.

Ndipo likaja tatizo la bomba. Unga mmoja huchora kilima kimoja kwenye kioo cha kompyuta. Mti ukiupika zaidi, molekuli zinakatika na kilima kinasogea. Ukiupika kidogo, kinasogea upande wa pili. Mtu wa gundi alileta unga aliosema ameupika kwa saa nyingi zaidi. Kilima kilikuwa palepale. Akaleta aliosema ameuzidishia moto. Palepale. Akaleta mwingine wa tindikali tofauti, na kilima kikakaa palepale kana kwamba kimejengewa. Vyuo vilikuwa vimefungwa msimu ule, hakukuwa na sampuli za watu wengine za kulinganisha, na bomba linalotoa kilima kilekile kwa kila kitu ni bomba linaloelekea kaburini.

Mapimo alilisafisha. Akabadilisha kimiminika, akafungua pampu, akaifunga. Alimwambia mkuu kwamba huenda bomba limekufa, na mkuu alimwangalia kwa namna ya mtu anayejiuliza ni nani aliyeliua. Bomba likiwa limekufa, kazi za msimu mzima zingesimama, na jina ambalo lingetajwa kwenye kila kikao ni la Mapimo.

Asubuhi ile ya Jumatano, akiwa amekwisha kata tamaa, alifanya jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelifanya siku ya kwanza. Alichukua sampuli sanifu, zile ambazo ukubwa wake unajulikana tangu zinapotengenezwa, akazipitisha moja baada ya moja.

Kila moja ilitoka mahali pake. Bomba lilikuwa zima kama kigingi.

Aliruka kwa furaha, akapiga makofi peke yake mle chumbani. Halafu makofi yakakatika. Kama bomba ni zima, na kilima hakisogei, basi unga ndio usiobadilika. Akakaa kitako. Wiki zote zile alilishuku bomba, akaishuku pampu, akajishuku mwenyewe. Mtu wa gundi ndiye pekee ambaye Mapimo hakumshuku hata mara moja, wala halikumpitikia wazo hilo. Alipotambua hivyo uso ulimwaka moto, kwa sababu sasa alijua kwamba ni mapenzi yaliyomfunga macho.

Alichukua chupa ya wiki iliyopita, iliyoandikwa "mkaratusi", akaenda nayo chumba cha pili kwenye mashine ya sumaku, ile inayoonyesha molekuli imejengwa kwa vipande gani. Alipotoka huko alikuwa na hasira ya kutosha kuendeshea kiwanda.

Mtu wa gundi alikuwa amekwisha fika. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, chupa mkononi, tabasamu usoni.

"Leo una nini?" Mapimo aliuliza.

"Mkaratusi tena. Nimeupika taratibu zaidi."

"Mkaratusi."

"Mkaratusi kabisa."

"Njoo uone kitu."

Alimsimamisha mbele ya kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na madoa madoa, mengine makubwa, mengine madogo.

"Lignini ya msonobari imejengwa kwa tofali la aina moja, karibu yote. Hili hapa. Mkaratusi una matofali ya aina mbili, na hilo la pili ndilo lililo jingi. Doa lake hukaa hapa." Aligonga kioo kwa ukucha. "Unaona nini hapa?"

Mtu wa gundi aliinama, akatazama kwa makini ya mtu asiyetaka kuona.

"Sioni kitu."

"Hata mimi sioni kitu. Kwa hiyo ama Mungu amebadilisha mikaratusi wiki hii bila kutuarifu, au wewe ni mwongo. Chagua."

Kigoda kililia alipokikalia. Tabasamu lilikuwa limekimbia.

"Ni msonobari," alisema.

"Na ule wa saa nyingi? Na wa moto? Na wa tindikali?"

"Wote. Ni unga mmoja. Nina ndoo yake kiwandani, nachota humo."

"Unachota humo!" Sauti ya Mapimo ilipanda mpaka vyombo vya kioo vikaitikia rafuni. "Mimi nimelisafisha bomba hili kama mtoto mchanga! Nimeifungua pampu mpaka vidole vimetoka malengelenge! Nimemwambia mkuu bomba limekufa! Nimejifungia chooni nimelia!"

"Ulilia?"

"Usiniulize kama nililia, nijibu! Kwa nini umenifanyia hivi?"

Mtu wa gundi alizungusha chupa mikononi. Mapimo, hata katikati ya hasira, aliiona mikono ile, yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa sabuni yoyote, na alijichukia kwa kuiona.

"Gundi ilikwisha kamilika," alisema mwanamume polepole. "Kile kipimo chako cha kabla ya vyuo kufungwa ndicho kilichokuwa cha mwisho. Ilipita majaribio yote. Sasa hivi kiwandani wanaipaka kwenye mbao asubuhi mpaka jioni. Hawahitaji kupima chochote tena."

"Na wewe? Wewe ulikuwa unahitaji nini?"

"Jumatano."

Mashine iliendelea kunguruma. Maneno yote makali Mapimo aliyoyapanga tangu chumba cha sumaku yalikuwa yamepotea njia.

"Si ungekuja tu," alisema, sauti imeshuka. "Mlango huu haufungwi."

"Nije mikono mitupu? Kila anayeingia humu ana chupa. Ningesimama hapo mlangoni, wewe ungeniuliza, umeleta nini, na mimi ningekujibu nini?"

"Ungenijibu ukweli."

"Ndiyo huo ulionishinda."

"Na huu mkaratusi ulikujaje?"

"Uongo wa kupika uliniishia. Nikaona labda nibadilishe mti."

"Mti ukakuumbua."

"Sikujua kwamba una mashine nyingine," alisema kwa unyonge wa kweli, na hapo Mapimo akashindwa. Kicheko kilimtoka puani, akajaribu kukirudisha, kikamtoka kwa nguvu zaidi. Mtu wa gundi akamtazama kwa hofu, kisha kwa matumaini, kisha naye akacheka. Walicheka mpaka Mapimo akashika meza.

Alipopata pumzi alikumbuka siku ile ni siku gani.

"Sikiliza. Mchana huu shangazi anakuja kunichukua. Kuna mtu nyumbani anangoja jibu langu."

"Mtu gani?"

"Mwenye duka la vioo."

Rangi ilimtoka mwanamume usoni. "Ni mtu mzuri?"

"Mzuri sana. Mpole. Hana neno baya na mtu."

"Na utamjibu nini?"

"Kama angenijia na ndoo ya uongo mmoja wiki zote hizi, ningeshamjibu ndiyo," alisema Mapimo. "Wewe ndiye unayenichelewesha."

Kabla mtu wa gundi hajajibu, mlango ulifunguliwa na Shangazi akaingia. Alikuwa amevaa nguo ya wageni, na juu ya miwani yake mwenyewe mlinzi alikuwa amemvisha miwani ya maabara, kama sheria ya mahali pale ilivyotaka, kiasi kwamba macho yake yalionekana makubwa na yenye kuona kila kitu. Na kweli yaliona. Yalimwona mpwa wake machozi ya kicheko mashavuni, yakamwona mwanamume kwenye kigoda.

"Shikamoo, Shangazi," mtu wa gundi alisimama upesi.

"Marahaba. Shangazi yako tangu lini? Wewe ni nani?"

"Natengeneza gundi."

"Sikukuuliza kazi."

"Ni huyo, Shangazi," alisema Mapimo. Hakupanga kusema hivyo. "Ndiye aliyenifanya nisiseme ndiyo nyumbani."

Shangazi alivuta kiti, akakaa, mkoba mapajani. "Mwenye vioo ana duka kwenye kona, ana nyumba yenye madirisha kila upande, na ana mdomo wa kusema anachotaka. Huyu ana nini?"

"Nina gundi, Shangazi," alisema mwanamume. "Haiachii hata kwenye maji yanayochemka."

"Na mdomo wako uliupaka hiyohiyo? Msichana anaulizwa habari zake na watu baki, wewe umekaa kwenye kigoda!"

Mapimo alimweleza yote. Alieleza ndoo ya msonobari, vilima visivyosogea, mkaratusi usiokuwa mkaratusi. Shangazi alisikiliza bila kupepesa, na mwisho wake uso haukuwa na utani tena.

"Kwa hiyo ni mwongo," alisema. "Mwanangu, mapenzi nayajua, si mgeni wa mambo hayo. Lakini mwanamume mwongo humtesa mke. Leo amekudanganya unga. Kesho atakudanganya nini?"

Lilikuwa swali la haki, na chumba kizima kililingojea jibu lake. Mapimo alitamani kumjibia. Akajizuia.

"Ni kweli nimedanganya," alisema mtu wa gundi. Hakuinamisha kichwa. "Nilidhani namdanganyia muda tu. Sikujua kwamba alikuwa analipia kwa jina lake kazini. Hilo ndilo linaloniuma, Shangazi, na kwa hilo sina la kujitetea. Nitamwambia mkuu mwenyewe."

"Utamwambia lini?"

Mtu wa gundi aliweka chupa mezani, akatoka. Walimsikia akibisha mlango wa ofisi ya pili, kisha sauti yake, ikieleza. Mapimo aling'ata ukosi wa koti lake. Kisha ukasikika mlio wa kitu kama kiti kinachoanguka, na mkuu wa maabara, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka, akaangua kicheko kilichotikisa ukuta.

Mtu wa gundi alirudi masikio yamemwiva.

"Amesema bomba lisizikwe," alisema. "Amesema pia nitaosha vyombo vya maabara kila Jumamosi mpaka atakaposahau, na kwamba yeye hasahau."

Shangazi alifungua mkoba, akatoa simu, akabonyeza. "Kaka? Niko kazini kwake. Kuna mtu hapa ana neno na wewe." Akabonyeza tena sauti ikawa kubwa, akamnyooshea mwanamume simu. "Haya. Tuone kama umebandua huo mdomo."

"Shikamoo, mzee," alisema mtu wa gundi. "Mimi ni… mimi natengeneza gundi, mzee. Nampenda binti yako. Nilitakiwa kusema zamani, sikusema, kwa woga wangu. Najua leo una wageni. Naomba tu, kabla hamjamaliza mazungumzo, ujue kwamba nami nipo."

Mapimo aliihesabu kila pumzi.

"Gundi," ilisema sauti ya baba yake. "Ile ya lignini?"

"Ndiyo, mzee."

"Hatimaye! Bwana wee, nimelishwa lignini kila jioni humu ndani. Katika uzee huu najua msonobari umejengwaje, najua mkaratusi umejengwaje, na sijui ni kwa faida gani. Nikamwambia mama yake, mwenye unga huu atajitokeza lini?"

"Baba!" Mapimo alipiga kelele. "Ulijua? Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Wewe si ndiye Mapimo?"

Shangazi aligeuza uso ukutani, mabega yakimtikisika.

"Na mgeni, Baba?"

"Mgeni ni mtu mzima na muungwana. Nitamkaribisha, nitampa chai. Lakini jibu utampa wewe mwenyewe, kwa adabu, ukimtazama usoni. Sitaki umtume mtu. Na huyo wa gundi mwambie aje kesho. Leo si siku yake."

"Nitakuja, mzee. Asante, mzee." Mtu wa gundi aliirudisha simu kwa mikono miwili, akajiegemeza kwenye meza kama aliyetua mzigo. Alikuwa anatabasamu kwa kila mtu, hata kwa mashine.

Mapimo alikunja mikono kifuani.

"Umemwambia mkuu," alisema. "Umemwambia Shangazi. Umemwambia Baba kwenye simu na mimi nimesimama hapa hapa. Mimi mwenyewe hujaniambia kitu."

Mwanamume alisimama wima. Tabasamu liliondoka, ikabaki sura ambayo Mapimo hakuwahi kuiona Jumatano yoyote, sura ya mtu asiye na chupa ya kujifichia.

"Nakupenda," alisema. "Nimekupenda tangu siku ulipocheka ukamwaga kimiminika. Nataka nikuoe, na najua wewe ni mtu wa kupima kwanza, kwa hiyo chukua muda wako wote, mimi nitan…"

"Ndiyo," alisema Mapimo.

"Sijamaliza."

"Mimi nimemaliza."

Shangazi alitaka kufuta machozi, vidole vikagonga miwani ya maabara. Alijaribu tena, vikagonga tena, akaacha yatiririke yatakavyo.

"Vua hilo koti twende," alisema. "Kuna mtu wa watu ana haki ya kuambiwa hapana mapema."